Nguruwe alonilipa nusu

Juzi kijana mmoja wa Lamu kaniandikia inbox. Yeye huchora punda na majahazi kama nusu ya mji, sasa kapata mteja anataka nguruwe, ananiuliza "Kaka, nichore ama niwache?" Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Mwaka juzi Mtaliano mmoja mwenye mkahawa hapa Malindi alinipa kazi ya nguruwe, mita moja na nusu, akriliki, na nusu ya pesa akatoa hapo hapo. Mimi tangu nizaliwe nguruwe sijamkaribia, na kwenda kumtazama niliona haya, maana watu wa mtaa wetu wa Shela wakikuona kwenye banda la nguruwe utasimuliwa mpaka wajukuu. Bas nikajifungia na simu, nikachora kutoka picha za intaneti. Wiki tatu. Mamangu akipita mlangoni anajifunika pua kwa leso, kama vile rangi inanuka, "Na huyo atalala humu humu?"

Siku ya kupeleka, yule mzee akaitazama, akaita wapishi, wakaangua kicheko. Ati nimewachorea kiboko! Nikairudisha kwa tuktuk, kanvasi haiingii yote, upande wa mkia uko nje mji mzima unaona. Nusu ya pili sijaiona mpaka leo, na walahi bado inaniuma, si pesa, ni kile kicheko.

Sasa ushauri. Nenda ukamtazame nguruwe mwenyewe. Mimi nilienda nimeshachelewa, kwa jamaa anayefuga upande wa Msabaha, nikakalia ndoo asubuhi nzima. Kumbe sikio lake jua likiwa nyuma linapitisha mwanga, mishipa yote unaiona. Kope nyeupe. Mguu una vidole vine ila anakanyagia viwili, mimi nilimpa kwato ya punda! Na ile pinki ya pipi sahau, ni kijivu, tope, na wekundu kidogo masikioni.

La pili, wacha kuona haya. Ami yangu alinisema sana, nikamwambia Ami, nguruwe tumekatazwa kumla, na ikiwa ni kuchora chenye roho basi kesi yake na ya punda ni moja, na punda wangu umemtundika sebuleni. Akanyamaza. Kule Sulawesi, Indonesia, nchi iliyojaa Waislamu wenzetu, kwenye pango la Leang Tedongnge kuna nguruwe kachorwa kwa udongo mwekundu, ana miaka si chini ya 45,500, mpaka vinundu vya usoni anavyo. Yule mchoraji hakuwa na simu, alimtazama kwa macho yake. Rembrandt naye mwaka 1643 alimchora mmoja kwenye bamba la shaba, kalala kafungwa miguu, unamuonea huruma.

La tatu, nusu ya pesa kwanza. Halafu mtazame mnyama, nishasema, narudia. Sote tunataka kutundikwa Nairobi na Ulaya lakini vijana mmezowea njia ya mkato, jahazi lile lile, machweo yale yale, mnyama mgeni akija mnakimbilia simu. Mcheni Mungu na kazi zenu!

Kiboko wangu yuko chini ya kitanda, kafungwa shuka. Mamangu akifagia, fagio hufika pale pale alipo, kisha hurudi kinyumenyume.