Maswali na Majibu: Chapa za Ramani na Banda la Sabasaba

Tangu nilipotaja katika safu hii kwamba huwa ninapeleka chapa zangu za ramani, yaani ramani ninazozichora na kuzichapa kwenye karatasi, kwenye Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, yale ambayo sote tunayaita Sabasaba, nimepokea maswali mengi kutoka kwa wasanii wanaojitegemea na kwa wanunuzi wenye dukuduku. Nimechagua yanayohusu kazi yenyewe na mauzo yake, na pale ambapo wasomaji wawili wameuliza jambo moja, nimeyaunganisha.

Dada, nataka kuchapa mitaa ya mji wetu kwenye karatasi kubwa na kuiuza. Nikichukua ramani iliyo kwenye simu yangu na kuichora upya kwa mkono, kuna kosa? (Msomaji, Tanga)

Kosa linaweza kuwepo, na linategemea ramani hiyo umeitoa wapi. Masharti ya Google yanakataza kutumia ramani zake katika bidhaa za kuuzwa, na mabango, vikombe na fulana vimetajwa humo kwa majina. Kuiweka ramani hiyo chini ya karatasi na kufuatisha mistari yake kwa kalamu hakuibadilishi kuwa yako, kwa sababu umbo la mtaa, uteuzi wa barabara zilizooneshwa na mahali majina yalipowekwa ni kazi ya mtu mwingine.

Njia ninayoitumia mimi ni OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayojengwa na watu wanaojitolea. Leseni yake inakuruhusu kuchora, kuchapa na kuuza, mradi useme data imetoka wapi. Mimi huandika kwa herufi ndogo ukingoni mwa karatasi kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap, pamoja na anwani ya ukurasa wao wa hakimiliki, na sijawahi kuona mnunuzi aliyekereka kwa hilo. Kwa Dar es Salaam tuna bahati ya pekee, kwa kuwa mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko kupima mitaa yao wenyewe, na ndiyo maana unaweza kuona vichochoro na mifereji ya Tandale kwa undani ambao ramani nyingi za kibiashara hazikuwahi kuujali. Ukihitaji ramani rasmi za Serikali, andika barua kwa idara ya upimaji na ramani katika wizara ya ardhi na ueleze wazi kwamba unakusudia kuuza. Usichukulie kwamba kitu cha Serikali ni cha kila mtu.

Nimeona ramani ya kale ya Kilwa ikiuzwa kwa watalii. Je, ni ya kweli, na mimi ninaweza kuichapa? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Bila shaka umeona ile iliyotoka katika kitabu cha miji ya dunia cha Georg Braun na Frans Hogenberg, ambacho juzuu yake ya kwanza ilichapishwa Köln, Ujerumani, mwaka 1572. Katika ukurasa mmoja wameweka Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Hakimiliki ya kazi yenye umri huo haipo tena, lakini picha ya kidijitali uliyoipakua inaweza kuwa na masharti ya maktaba iliyoipiga. Baadhi ya maktaba huziachia picha zao bure, na nyingine hudai ada kwa matumizi ya biashara, kwa hiyo soma masharti kabla ya kununua wino.

Kuhusu ukweli wake, ni mandhari ya mji kama anavyouona mgeni anayeingia kwa merikebu, iliyochongwa mbali sana na Kilwa, zaidi ya nusu karne baada ya Wareno kuushambulia mji huo mwaka 1505. Kama sanaa ni nzuri, ila haimwelekezi mtu popote. Nami ningekusihi usiongeze nakala nyingine ya picha hiyo sokoni, kwa kuwa wewe unakaa ng'ambo tu ya Kilwa Kisiwani na unaweza kuchora kile ambacho fundi wa Köln hakukijua: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza mahali pake panapostahili, mikoko inapoanzia, na ufuo ambao mashua huegeshwa maji yakijaa. Magofu hayo pamoja na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, kwa hiyo wanunuzi wa ramani hiyo hutawakosa.

Ninachonga vibao vya kuchapia kwenye linoleamu, lile tandiko laini la sakafuni. Ramani yangu ya kwanza ya Tanzania imetoka na bahari upande wa Kigoma. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

Pole sana. Kila kinachochongwa kisha kikachapwa hutoka kimegeuka, na mti au sura ya mtu inaweza kusamehewa, lakini ramani haisamehewi. Chora kwanza kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya linoleamu, kisha sugua mgongo wake kwa kijiko ili risasi ya penseli ihamie. Mchoro utakuwa umegeuka wenyewe. Majina ya miji ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo kabla ya kushika patasi simamisha kibao mbele ya kioo, na kama unaweza kusoma "Dodoma" bila kusita ndani ya kioo hicho, endelea.

Shikamoo mama. Ramani yako ya maziwa makuu umeweka mpaka katikati ya Ziwa Nyasa. Rafiki yangu Mmalawi anasema umekosea. (Msomaji, Kyela)

Marahaba, mwanangu. Huyo rafiki yako anasema kile ambacho nchi yake inasema. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka ufukweni, na Malawi inausimamia mkataba huo ikidai kwamba maji yote ya upande wetu ni yake. Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa, kwa mujibu wa desturi ya sheria za kimataifa kuhusu maji yanayotenganisha nchi mbili. Mgogoro huo haujamalizika, na mimi sina mamlaka ya kuumaliza kwa patasi.

Msanii anayeuza Sabasaba, katika viwanja vya maonesho ya taifa na mbele ya viongozi wanaotembelea mabanda, atumie mstari unaotambuliwa na nchi yake. Anayetaka kuuza pande zote mbili za ziwa anaweza kuchora maji, samaki na vijiji vya wavuvi bila kuweka mpaka wowote, na ninavyoona mimi ramani ya namna hiyo hupendeza zaidi. Kosa la kuepuka ni kuchora mpaka kwa kukisia. Visiwa vya Likoma na Chizumulu, kwa mfano, ni vya Malawi ingawa vimezungukwa na maji ya Msumbiji, na mchoraji mvivu huvipa nchi isiyo yake.

Mbona Afrika yako ni kubwa kuliko ile tuliyofundishwa shuleni? (Msomaji, Nairobi)

Ile ya shuleni mara nyingi ni ya Mercator, iliyotengenezwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ambayo inatunza pembe za dira na kukuza kila nchi kadiri inavyokuwa mbali na Ikweta. Ndiyo sababu Greenland huonekana kukaribiana na Afrika, hali Afrika ni kubwa kuliko hiyo takriban mara 14. Mimi natumia mchoro wa Equal Earth wa mwaka 2018, unaotunza uwiano wa maeneo, na mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na Mercator. Ukichora mtaa au mji mmoja usijisumbue na jambo hili, kwani tofauti haitaonekana.

Nilinunua ramani ya Tanzania kwa msanii mmoja, mkoa wangu haumo. Je, nina haki ya kulalamika? (Msomaji, Vwawa)

Unayo. Mkoa wako wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na kabla yake, mwaka 2012, zilizaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Msanii anayenakili ramani ya zamani bila kuandika mwaka wake anauza kitu chenye kasoro. Wenzangu wengi hulichukulia jambo hili kama la walimu wa jiografia, na hapo ndipo wanapokosa mauzo, kwa maana mtu anayeingia bandani haanzi na rangi wala karatasi. Anaanza kwa kutafuta kwao. Kidole kinapita Iringa, kinashuka Makambako, kinasita. Akikiona kijiji chake au hata mto wa karibu humwita mwenzake aje aone, na asipokiona hushukuru kwa adabu na kwenda banda la viatu. Kwa sababu hiyo kila ramani yangu ina nakala moja ya kuguswa, iliyofunikwa plastiki, na jioni huwa imejaa alama za vidole kote isipokuwa baharini.

Tupange bei gani, na tufanyeje na wateja wa kupatana? (Wasomaji wawili, Mwanza na Zanzibar)

Anzeni na bei ya jumla kabla ya rejareja. Chukulia kwamba karatasi, wino, bahasha na muda wako kwa chapa moja vinafikia shilingi 15,000. Mwenye duka akiichukua kwa 30,000 na kuiuza 60,000, nyote mnapata, nawe bandani unapaswa kuiuza kwa hiyo hiyo 60,000. Ukishusha hadi 35,000 siku ya mwisho kwa sababu umechoka kubeba, mwenye duka atasikia, na oda ya pili hutaiona. Kwa anayetaka kupatana, kuwe na kitu kidogo cha bei nafuu, kama kadi za posta za ramani ileile.

Chapa zenye idadi maalumu ziandikwe kwa penseli chini ya picha, namba ya nakala juu ya jumla, mathalani 7/40, pamoja na sahihi. Ukishafika 40, kibao kikwaruzwe. Kuendelea kuchapa kimyakimya ni wizi, hata kama hakuna anayehesabu.

Duka la hotelini linataka nakala nyingi kwa mali kauli, yaani nilipwe zikishauzwa. Nikubali? (Msomaji, Arusha)

Kwa duka jipya usikubali, isipokuwa kwa nakala chache ambazo hata zikipotea hutalala njaa. Chapa zinazokaa dirishani hupauka kwa jua, na huwezi kuzirudisha sokoni. Omba nusu ya malipo mapema, iliyobaki wakati wa kukabidhi, na uandike nani anabeba hasara ya zilizoharibika.

Karatasi zangu zinajikunja bandani. (Msomaji, Bagamoyo)

Ni unyevu wa Pwani pamoja na joto la bati. Tumia karatasi ya pamba isiyo na tindikali yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ihifadhi ikiwa imelala, na uifungue bandani asubuhi kabla ya kuitundika ili izoee hewa ya humo. Kwenye fremu, acha nafasi kati ya chapa na kioo kwa kuweka ukingo wa kadibodi nene, la sivyo wino utagandana na kioo ifikapo masika.