Ofisi za mawakili bado zinaajiri vijana?
Dogo umeuliza kama ofisi za mawakili bado zinahitaji vijana wa risechi wakati AI ipo, zinahitaji ila kazi yenyewe imebadilika. Zamani pale kwetu Posta ujuzi wote ulikuwa kichwani kwa karani mmoja mzee, ukitaka hati ya madai ya kesi ya ardhi ya mwaka juzi unamuuliza yeye anakuonyesha kabati, siku alipostaafu tulikaa siku tatu tunachambua mafaili yenye vumbi kumbe hati imebanwa pamoja na risiti za luku 😂 Saa hizi hukumu zipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure, kesi unafungua mtandaoni, kwa hiyo anayejua kutafuta tu hana jipya, anayetakiwa ni wa kuhakiki na kupanga nyaraka za ofisi zipatikane hata yeye akihama. Na AI usiiamini kichwakichwa, 2023 kule New York mawakili walipigwa faini dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga tu. Ukienda intavyuu waulize nyaraka zao wanatunza wapi, wakikuonyesha kabati ujue kazi unayo.