Kabla hujanunua mbuzi wa kufuga mjini Mtwara, anza na mtendaji wa mtaa

Nafuga mbuzi na mbwa hapa Mtwara mjini, na kwa muda sasa ni mjumbe wa kamati ya mtaa wetu. Kwa hiyo mashauri ya mifugo nayajua kwa pande zote mbili: kama mfugaji, na kama mtu anayegongewa mlango alfajiri aende kuamua nani alipe. Karibu kila shauri nililolisikiliza lina sura ileile. Mwenye mbuzi hajui sheria inasemaje, mwenye bustani naye hajui, na wote wawili wanaisikia kwa mara ya kwanza siku mnyama ameshakamatwa na maneno mazito yameshatoka. Ndiyo maana kila anayeniuliza habari za kufuga namwambia: kabla hujamtafuta mbuzi, mtafute mtendaji.

Unachokwenda kumwomba ni sheria ndogo za halmashauri zinazohusu mifugo mjini. Wengi hudhani hizo ni amri za bwana afya au za mwenyekiti aliyeamka vibaya. Hapana. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, halmashauri huandaa rasimu, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni, baraza la madiwani hupitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huridhia, kisha huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Ikishachapishwa ina nguvu kamili, na ina namba ya tangazo ambayo una haki ya kuiuliza. Tena kila halmashauri ina zake. Mtu akihamia Manispaa ya Mtwara-Mikindani na mbuzi wake kutoka Lindi, asitegemee kibali alichopewa kule. Aanze upya.

Ukipata nakala, tafuta mambo manne: idadi ya wanyama inayoruhusiwa, kama kibali kinatakiwa, masharti ya banda, na jedwali la adhabu lililo nyuma kabisa. Jedwali hilo watu huliruka. Na wala usidhani ukomo wa idadi ni jambo la juzi. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilishaweka ng'ombe wanne kwa mfugaji mmoja na kukataza kuchunga ovyo mjini.

Sasa nieleze shauri moja, maana ndilo lililonifundisha namna ya kuamua mengine. Mama mmoja alianika makopa ya muhogo juu ya mkeka mbele ya nyumba, akaingia ndani kubandika maji. Alipotoka alikuta mbuzi watatu wamesimama katikati ya mkeka, mmoja anatafuna, wengine wameshakojoa. Mwenye mbuzi, mzee wa heshima zake, alikuwa tayari kulipa vipande vilivyoliwa, ambavyo kweli vilikuwa vichache. Yule mama akanigeukia.

"Kaka, njoo uone mwenyewe. Yaliyoliwa nayasamehe. Haya yaliyolowa mkojo nimpe nani?"

Hapo mzee alinyamaza. Tuliinama sote tukayapekua: yaliyo makavu pembeni tukayatenga, yaliyobaki tukayapima kwa kopo, bei tukaichukua ya sokoni siku ile. Tangu hapo hasara huwa naipima kwa kile ambacho mtu hawezi tena kukitumia, wala sihesabu tafuna ngapi mbuzi amepiga. Tuliandika karatasi, wote wawili wakasaini, mtendaji akagonga muhuri. Andikeni, jamani. Makubaliano ya mdomo kati ya majirani hudumu mpaka mbuzi avuke tena. Mkishindwana kwenye mtaa, baraza la kata lipo kwa usuluhishi.

Na wewe uliyeliwa bustani, shika mkono wako. Mfunge mbuzi kivulini, mpe maji, kisha siku hiyohiyo mpeleke mtendaji taarifa. Nimeona mtu mwenye haki yote akiipoteza kwa panga moja. Kujeruhi au kuua mfugo wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kumtesa mnyama kunakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ulikuwa mlalamikaji, jioni unaitwa mshtakiwa.

Dawa ya yote haya ni banda na malisho ya kuletewa. Mimi hupendelea banda la kichanja, sakafu ya fito iliyoinuliwa juu ya ardhi, mavi yadondoke chini uyazoe bila kuingia ndani. Harufu inapungua, kwato zinakaa kavu wakati wa masika, na mbolea watu wa bustani wanaifuata wenyewe. Chakula kipo kwetu huku: majani ya mlusina, pumba, mashudu ya ufuta. Maganda ya muhogo nayo ni mazuri, ila yaanike juani mpaka yakauke kabisa kwanza, hasa ya muhogo mchungu, maana mabichi yana sumu ya sianidi na yanaua mbuzi haraka.

Kuku sina mengi. Walale bandani, na wachanjwe dhidi ya mdondo, yaani kideri, mara kwa mara kama afisa mifugo atakavyokupangia. Chanjo ya matone ya jicho ni ya bei ndogo, na ikigawanywa kwa nyumba kadhaa inakuwa ndogo zaidi, hivyo kubalianeni majirani mchanje siku moja. Kuku wako peke yake akichanjwa huku wa jirani wanakufa, bado ugonjwa uko uani kwako.

Mbwa ndiye anayenikosesha usingizi. Watu wa pwani wengi hatumshiki kwa sababu ya najisi, lakini tunaye, kwa kuwa shambani bila mbwa ngedere na nguruwe pori hawakuachii kitu. Matokeo yake ni mbwa ambaye hajawahi kuguswa na mkono wa mwenyewe. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa inafika, hakuna anayeweza kumfikisha. Mate ya mbwa yana namna yake ya kutwaharishwa, mara saba na mojawapo kwa udongo, kila aliyepita madrasa anaijua. Isiwe sababu ya kumwacha bila chanjo. Mzoeze kamba shingoni angali mdogo, mtu mmoja nyumbani awe anamshika, na kadi yake ya chanjo itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kadi hiyo ndiyo kitu cha kwanza utakachoulizwa mbwa wako akimng'ata mtu.

Kichaa cha mbwa dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kinazuilika. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi wa majaribio wa kukitokomeza uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010, na msingi wake ulikuwa kuchanja mbwa kwa wingi. Wataalamu wanasema wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia. Kwa hiyo siungi mkono hata kidogo wale wanaotega nyama ya sumu usiku. Anakufa mbwa aliyechanjwa, anakuja mgeni asiyechanjwa kushika nafasi yake, na asubuhi mtoto au kuku anaokota kipande kilichobaki.

Mtoto aking'atwa, usipake mafuta ya taa, pilipili wala majivu. Nilimkuta mama ameshashika kibuyu cha mafuta ya taa. Tukakiweka chini, tukaukalisha mguu wa mtoto chini ya bomba na kipande cha sabuni ya mche. Dakika 15 ni nyingi ukiwa umeshika mguu wa mtoto anayelia, lakini zitimize, povu liingie mpaka ndani ya jeraha, maji yatiririke. Kisha kituo cha afya moja kwa moja, au Hospitali ya Ligula, na kwa walioko Lindi, Sokoine. Chanjo inatolewa kwa awamu. Usiache katikati kwa kuwa kidonda kimefunga. Mbwa mwenyewe, kama anajulikana, asiuawe. Afungwe, aangaliwe siku 10, na afisa mifugo ajulishwe.

La mwisho ni mgambo. Mnyama wako akikamatwa, uliza kwa upole mambo mawili: sheria ndogo ipi na kifungu gani. Faini ikitajwa, omba namba ya malipo ya serikali, ulipe benki au kwa simu, uchukue risiti. Kiganjani usimpe mtu kitu, hata akikwambia anakuhurumia. Ukiona adhabu haiko kwenye jedwali, mpelekee mtendaji wa kata barua na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Na rasimu mpya zinapotangazwa kwa maoni, nendeni. Mimi nitaendelea kudai kwenye vikao kwamba sheria hizi zibandikwe sokoni, stendi na kwenye mbao za misikiti na makanisa, kwa herufi kubwa, jedwali la adhabu likiwa juu. Kuzibandika ofisini peke yake hakutoshi, kwa sababu mfugaji wa Naliendele anafika ofisini siku mbuzi wake wameshafungwa.