Kwa nini umeme huonekana kabla ya ngurumo kusikika
Umeuliza kwa nini umeme wa radi humulika kwanza na ngurumo ikafuata, ilhali hutoka mahali pamoja. Kwa hakika vyote hutokea kwa wakati mmoja: umeme unapopita hewani huipasha joto hadi nyuzi zipatazo 30,000 za Selsiasi, hewa ikatanuka ghafla kwa nguvu kubwa, na mtanuko huo ndio tunaousikia kama ngurumo. Kinachotofautiana ni mwendo, kwa kuwa mwanga hutufikia papo hapo, lakini sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa kila sekunde 3 hivi. Ukiona mmuliko, anza kuhesabu; kishindo kikisikika ukiwa umefika 9, radi imepiga umbali wa kilomita 3.

Naomba sana hesabu hiyo isimpe mtu faraja, kwa maana radi huweza kupiga hata kilomita 10 na zaidi kutoka mvua inakonyesha. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya jengo imara au gari lililofungwa, wala usijikinge chini ya mti, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.