Mume yuko Ghuba na ameingia kwenye zinaa: niliyoyapitia mbele ya kadhi, Lamu

Wa alaykum salaam, dada yangu wa Malindi. Umeuliza kama ndoa yako imekwisha vunjika kwa kuwa mumeo aliyeko Doha amekiri kuwa na mwanamke mwingine, na kama ni lazima kesi ifunguliwe huko aliko. Mimi nilikaa Mkomani, mtaa wa Lamu, miaka miwili nikiwa mke wa mtu aliyekuwa Muscat katika hali kama yako, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Ndoa yako ipo. Zinaa ya mume, hata akiikiri, haimtoi mke katika nikaha, mpaka yeye atoe talaka, au mkubaliane khului ukamrejeshea mahari, au kadhi aifasakhi ndoa, yaani aivunje kwa hukumu. Wala huna haja ya kupanda ndege, kwa kuwa Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaipa mahakama ya kadhi uwezo wa kuamua mambo ya ndoa na talaka pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na kuyakubali mamlaka yake.

Nilipokosea mimi ni kutaka kuthibitisha zinaa. Nilikwenda na simu yenye sauti ya mwanamke yule, nikiamini itatosha. Mzee mmoja anayewaandikia watu madai alinizuia kwa upole, akanikumbusha kwamba Surat An-Nur inataka mashahidi wanne, na kwamba anayemtuhumu mwanamke bila ya hao hujiingiza mwenyewe katika kosa la kadhfi, yaani kumsingizia mtu zinaa. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: mara ya mwisho kuletewa fedha za matumizi ni lini? Nilikuwa na daftari la miraba nililoandika kila fedha iliyoingia na tarehe yake, na baada ya mwezi wa Ramadhani kurasa zake zilikuwa tupu. Madai yangu yakajengwa juu ya kukosa matumizi na madhara ya kutelekezwa, na siku ya kesi kadhi alilifungua daftari lile ukurasa baada ya ukurasa. Ile simu haikuombwa hata mara moja.

Wito alitumiwa kwa WhatsApp kwa ruhusa ya mahakama, nikatoa nakala ya ukurasa ulioonyesha kwamba ameusoma, naye akajibu madai kwa njia ya video bila kuondoka Muscat. Basi hifadhi namba anayoitumia kweli, na anwani ya kazini kwake kama unaijua.

Kwa wasomaji waliofunga ndoa ya bomani au ya kanisani, njia ni nyingine, kwani hao huenda kwa hakimu, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitaja zinaa yenyewe kuwa sababu ya talaka, pamoja na kutelekezwa kwa muda usiopungua miaka 3.

Kuhusu watoto usiwe na hofu: Kifungu cha 53 cha Katiba kinawawajibisha baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana, na madai ya matunzo yana mahakama ya watoto. Nyumba ndiyo inayohitaji haraka. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, ingawa inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali hiyo. Kwa hiyo, ukisikia shemeji anatafuta mnunuzi, muulize wakili siku hiyo hiyo juu ya kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi.

Jambo moja nakusihi kwa moyo wote: usiende kumshtaki kwa polisi wa huko. Kenya zinaa si jinai, bali Qatar ni jinai, na mume aliyefungwa au kufukuzwa nchini hana mshahara wa kuwalisha watoto wako.

Ukipata fasakhi, chukua hati yenye muhuri, na eda uihesabu tangu siku ya hukumu, hata kama hamjalala chumba kimoja kwa miaka. Shangazi zangu walidhani eda yangu ilikwisha zamani kwa kuwa mume alikuwa mbali, na posa ilikuwa imeshaletwa; ilibidi nimrudie kadhi aandike tarehe kwa mkono wake, ndipo mjumbe wa posa akaambiwa asubiri.