Kuwahudumia wasio na makazi siku ya Krismasi

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Naishi London. Kila tarehe 25 Desemba najitolea kwenye kituo cha watu wanaolala nje. Nakata mboga, nagawa chai. Mwaka jana mzee mmoja alikikumbatia kikombe kwa mikono miwili, akaniambia tangu juzi hajasemeshwa na mtu. Picha yangu ikafika kwenye grupu la familia, ndugu mmoja akatuma hadithi ya kujifananisha, na mama akanipigia akilia kwamba nimesherehekea Krismasi. Nimekosea?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Hujakosea, binti yangu. Kilichonisikitisha ni mama kulizwa bure.

Hadithi aliyoituma ipo kwa Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi: mwenye kujifananisha na watu, basi yeye ni katika wao. Tunaikubali. Lakini umejifananisha na nani? Kujifananisha ni kuchukua alama ya dini yao, kama ibada yao au kuitukuza siku kwa itikadi yao. Kukata karoti ili mwenye njaa ale ni alama ya dini gani? Wengine huongeza hadithi ya mahali paitwapo Buwana: mtu aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia hapo, Mtume (s.a.w.) akauliza kwanza kama paliwahi kuabudiwa sanamu au kufanywa sikukuu ya kijahilia. Nadhiri na kuchinja ni ibada. Kuipima kwa mizani hiyo sahani ya mtu anayelala barazani ni kuitesa dalili. Tena siku hiyo London treni hazitembei, mabasi hayatembei, na maduka mengi yamefungwa. Asiye na kwao aende wapi? Au tumwambie njaa yake isubiri sikukuu ipite?

Sura ya Al-Insan imewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na wako wafasiri waliosema mateka wa wakati ule walikuwa washirikina. Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake naye bado mshirikina, akauliza amtendee wema? Mtume akamwambia amuunge.

Nyama ya nguruwe na pombe usivigawe. Mwambie msimamizi mapema akuweke kwenye mboga au chai. Sala yao ikianza, toka kwa adabu.

Na Januari pia uende. Baridi inakuwa ile ile, lakini wengi waliojitolea Desemba wamesharudi kwenye shughuli zao, na yule mzee bado anataka mtu wa kumsemesha.

Jibu langu usilitume kwenye grupu. Ndugu yako atajibu, nawe utajibu, na mama atakuwa katikati anasoma. Mpigie yeye mwenyewe, jioni akishaswali Isha, umsimulie habari ya mzee na kile kikombe. Kisha mwombe dua.