Rangi za maji: pesa yako ianzie kwa karatasi

Watu wananiulizaga sana, hasa vijana wanaotaka kuchora vitabu vya watoto, ninunue rangi gani? Mi naona swali limeanzia mkiani. Anza na karatasi. Rangi ya bei ya chini ukiiweka kwa karatasi nzuri utapata picha, lakini rangi ya bei kali juu ya karatasi ya fotokopi ni kuchafua tu.

Tafuta gramu 300 kwa mita mraba, nyepesi ya hapo ukimwaga maji inajikunja. Ila hapa Kampala kuna kamtego: ukiingia Nasser Road, mtaa wa wachapaji, ukaulizia karatasi ya gramu 300 watakupa atikadi, na hawajakudanganya, gramu ni 300 kweli, shida ni kwamba uso wake umepakwa ili mashine ichape vizuri, maji hayaingii, yanateleza tu huku na huku, alafu ukipitisha brashi mara ya pili rangi ya chini inang'oka yote. Hiyo waachie wa kadi za harusi.

Ya pamba asilimia 100, kama Arches, inakaa na unyevu muda mrefu, unapata nafasi ya kuchanganya anga bila kukimbizana nayo. Ni ghali. Kujifunzia tumia ya massa ya mti, yaani mbao iliyosagwa, Canson XL inatosha kabisa. Na kama unachora kwa wino kwanza alafu unaskani, chukua yenye uso laini, maana ile ya vijibonde kalamu inarukaruka na skana inaleta vivuli vidogo vidogo utakavyofuta kwa kompyuta mpaka uchoke. Wino nao ujaribu pembeni, chora mstari, ukauke, pitisha maji, ukitoka huo si wa kazi hii.

Sasa rangi. Kiboksi cha rangi 36 achana nacho, nusu hutazigusa. Tyubu sita hivi zinatosha, na usisome jina la mbele, geuza nyuma utafute namba ya pigmenti, yaani herufi na tarakimu zinazotaja unga wa rangi uliomo ndani. Namba ikiwa moja, safi. Zikiwa tatu, ujue ukiichanganya na nyingine utapata tope haraka.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu sisi tunachora watu wetu. Ile tyubu ya rangi ya ngozi inayouzwa imetengenezewa ngozi za wazungu, haikusaidii kitu. Nunua sienna ya kuchomwa, ile ya kahawia inayoelekea wekundu, na altramarini, ile buluu nzito, namba yake PB29. Hizo mbili tu, ukizidisha maji au kupunguza, unatoka kahawia ya chai mpaka weusi mzito wa ndugu zetu wa kaskazini, na ule weusi una uhai ndani yake, si kama nyeusi ya tyubu ambayo inaua uso wote. Kivulini ongeza buluu, shavuni na masikioni ongeza tone la waridi, na kale kamwanga ka paji la uso usikapake kitu, acha karatasi yenyewe.

Pinki kali za kung'aa mi siziamini. Kwa mchapaji, ambaye mashine yake inachanganya wino wa rangi nne tu, zinatoka zimefifia, na ukimuuzia mtu picha yenyewe akaitundika ukutani, nyingi zinapauka kwa mwanga. Kama kazi ni ya kuskani tu hilo la kupauka lisikusumbue.

Brashi moja ya duara, namba 8, nywele za sinthetiki, inatosha kuanzia. Dukani zote zina ncha kali kwa sababu zimegandishwa kwa gundi, kwa hiyo omba maji, isuuze gundi itoke, ikung'ute, alafu uangalie kama ncha inarudi. Muuzaji akikataa nenda duka lingine jamani.

Msimu wa mvua usifunge paleti, kile kisahani cha kuchanganyia rangi, ikiwa mbichi, itaota ukungu. Karatasi pia zinaharibika kwa unyevu hata hujazitumia, unapaka unaona madoadoa yamenyonya rangi kuliko pengine. Vile vipakiti vyeupe vya kunyonya unyevu vya kwa boksi za viatu usivitupe, viweke pamoja nazo ndani ya mfuko wa plastiki ufunge, na usinunue karatasi za mwaka mzima kwa mara moja eti ni ofa.